Tui la kopo halina kosa, semeni ni kopo gani

Mhariri, habari za kazi. Mi ni msomaji wa ukurasa wenu wa mapishi na leo nina neno kidogo. Kila likija pishi la nazi mnaandika "tui kopo moja" basi mmemaliza, sa mtu anapika mchuzi unakuwa maji matupu au unaelea mafuta juu kama umemwagiwa mafuta ya taa ya chemli, alaf anasema tui la kopo baya, bora nikune mwenyewe. Tatizo sio kopo jamani.

Kwanza makopo hayafanani. Kile kiwango cha kimataifa cha chakula cha Codex (cha FAO na WHO) cha 2003 kinataka tui jepesi liwe na mafuta angalau asilimia 5, tui la kawaida 10, na lile zito wanaloita krimu 20. Yani kopo la mililita 400 linaweza kukupa mafuta kama gramu 20 au kama gramu 80, na yote mtu akiongea haraka ataita tui la kopo!! Na msidanganyike na ile asilimia kubwa ya nazi mbele ya lebo, hiyo sio mafuta, mafuta yako nyuma kwenye kile kijedwali chenye herufi ndogo. Kuna na kopo lingine limetiwa sukari, ni la vinywaji na vitu vitamu, mi nimeshalitia kwenye mchuzi wa samaki siku moja kwa haraka zangu, tulikula kimya kimya.

La pili ndo kubwa. Ukikuna nazi unakamua tui zito unaliweka pembeni, alaf unarudia chicha kwa maji unapata jepesi, jepesi ndo linaivisha chakula na zito linaingia mwisho. Hakuna anayefundishwa hii mara mbili. Lakini huyo huyo akishika kopo anamimina lote mwanzo, moto mkali, kafunika, kaondoka. Lazima likatike! Moto ukizidi protini ya nazi inagandana na mafuta yanajitenga, na ukiwa umeshakamulia ndimu au umetia ukwaju ndo kabisaa.

Mi nafanya hivi, kopo silitikisi. Naliweka kwenye friji usiku kucha, mafuta ya nazi yanaganda chini ya nyuzi kama 24 hivo asubuhi zito limekaa juu unalichota kwa kijiko na maji yamebaki chini. Hayo maji ndo tui jepesi langu, napikia maharage au wali, zito naliingiza mwishoni moto mdogo huku nakoroga, likianza kuchemka tu naepua, na ndimu inaingia baada ya hapo. Ila kama lebo imeandika E412, hiyo ni gundi ya guar inayoshikanisha maji na mafuta, halitajitenga vizuri hata likae friji wiki, hilo basi tikisa tu tumia zima lakini bado litie mwisho. Faida yake hilo halikatiki kirahisi, kwa anayejifunza mi namwambia aanze nalo. Kwa anayetaka kukaanga viungo kwenye tui mpaka mafuta yatoke juu, hilo litamsumbua, atafute lenye nazi na maji peke yake.

Sijasema linashinda nazi mbichi iliyokunwa sasa hivi, harufu ile haipo, kopo limepikwa kwa joto kali kiwandani ili likae miezi na miezi. Lakini mtu katoka kazini saa moja usiku mnataka akae kwenye mbuzi akune?

Likibaki usiliache kwenye kopo, hamishia kwenye chombo cha kioo chenye mfuniko, friji, na litumike ndani ya siku 3 au 4. Unaweza kuligandisha pia, likiyeyuka litaonekana limekatika, kwenye mchuzi halina shida. Kopo lililovimba usilionje hata kidogo, tupa.

Kwahiyo ombi langu mhariri ni dogo tu, mkiandika pishi semeni kopo lina mafuta asilimia ngapi na linaingia lini, mwanzo au mwisho. Ni mistari miwili, hata picha ya sufuria mkiipunguza kidogo itaenea.

Msomaji wenu wa jikoni