Dawati la msaada wa kisheria lisifungwe

Ndugu Mhariri,

Nimeufuatilia mjadala wa kupunguza fedha za msaada wa kisheria tangu ulipoanza katika gazeti lako, na barua moja ya juma lililopita imeninyima usingizi. Mwandishi wake alisema fomu za mahakama siku hizi zinaeleweka, makarani wapo, na mwenye haki yake anaweza kusimama mwenyewe mbele ya hakimu akajieleza bila wakili anayelipwa kwa kodi za watu. Mimi nilikuwa mmoja wa makarani hao. Nimekaa masjala miaka 22 nikipokea majalada, nikigonga mihuri na kupanga tarehe, hadi nilipostaafu. Naomba nafasi nieleze karani anaweza nini na hawezi nini, maana hapo ndipo hoja ile inapoanguka.

Karani haruhusiwi kumshauri mtu. Anapokea karatasi, anaangalia kama imetiwa saini na ada imelipwa, anaipa namba, basi. Akimwambia mdaiwa "andika hivi", tayari ameegemea upande mmoja, na kesho mdai atakuwa na haki ya kulalamika. Kanuni hiyo ni nzuri, na vijana niliowafundisha kazi niliwasisitizia waishike. Lakini kwa kanuni hiyohiyo nimepokea kwa mikono yangu majibu ambayo nilijua, kabla wino wa muhuri haujakauka, kwamba yamemmaliza aliyeyaandika.

Kuna mzee mmoja simsahau. Alikuja na hati ya wito aliyoikunja mara nne hadi mikunjo ikaanza kuchanika. Alikuwa anadaiwa mkopo ambao sehemu kubwa alikwisha kuulipa. Akainama dirishani akaniuliza, "Mwanangu, hapa niandike nini?" Nikamjibu nilivyopaswa kumjibu: "Samahani mzee, siruhusiwi kukuambia." Akaenda kukaa kwenye benchi la ukumbini, akaandika ukurasa mzima kwa mwandiko wa kunyooka, ule wa watu waliosomeshwa na walimu wakali. Alieleza ugonjwa wa mkewe, akaiomba mahakama imwonee huruma na kumwongezea muda. Hakuna mahali alipoandika kwamba anakana deni, wala kwamba amelipa. Stakabadhi zilikuwa nyumbani, zimefungwa kwa uzi. Nilikuja kuziona baadaye, dalali wa mahakama alipokwisha kupita kuorodhesha mali zake.

Katika kesi ya madai, jambo usilolikanusha kwenye majibu yako huhesabiwa kuwa umelikubali. Mwanasheria hujifunza hilo mwanzoni kabisa mwa masomo yake. Mtu mwingine atalijulia wapi? Mzee yule alifundishwa kwamba ukiitwa na mkubwa unanyenyekea kwanza, ndipo ujieleze. Alifanya alivyofundishwa, na unyenyekevu wake ukasomwa kuwa ni kukiri.

Mwaka mmoja kabla ya hapo asingeandika vile. Mlango wa pili kutoka masjala kulikuwa na dawati la msaada wa kisheria: meza moja, viti vitatu, wakili siku mbili kwa wiki, na siku zilizobaki msaidizi wa kisheria, mama mmoja mwenye subira ambaye angeweza kumsikiliza mtu akieleza habari za shangazi na mashamba kwa robo saa ndipo amrudishe taratibu kwenye tarehe ya wito. Mtu akiniuliza aandike nini, nilimwonyesha mlango ule kwa kalamu. Baada ya nusu saa alirudi na majibu yenye aya zilizopewa namba, kila dai limejibiwa, vielelezo vimeambatishwa. Wengine hawakurudi kabisa, na hao ndio waliotupunguzia kazi kuliko wote. Walikuwa wameambiwa ukweli kwamba deni ni lao na kesi hawana, wakaenda kupatana na mdai walipe kidogo kidogo.

Fedha zilipokatwa, dawati lile ndilo lililofungwa kwanza, kwa sababu halikuwa na cha kuonyesha. Kesi iliyoshinda ina namba, ina hukumu, inaweza kuandikwa kwenye ripoti ya mwaka. Mgogoro ulioishia mezani kwa yule mama hauna jalada popote. Kwa hiyo sehemu ya msaada wa kisheria iliyokuwa ya gharama ndogo kuliko zote, na iliyozuia mengi kuliko zote, ndiyo iliyoonekana kwenye makaratasi kama haifanyi kitu. Wanaopanga bajeti naomba waliangalie hilo kabla ya lingine lolote.

Maana gharama haikutoweka, ilihamia kwetu. Jalada la mzee lilirudi mezani kwangu mara kwa mara. Alileta maombi ya kutengua hukumu, yakatupwa kwa sababu hati ya kiapo ilikuwa na kasoro. Akayaleta tena, sasa yako nje ya muda. Akaomba aongezewe muda, wakili wa mdai akaweka pingamizi la awali, hakimu akahitaji siku ya kuandika uamuzi. Nilihesabu tarehe 11 kwenye jalada lile. Kila tarehe ni hakimu, ni karani, ni mtu wa kupeleka wito, ni chumba cha mahakama ambacho mwenye kesi nyingine anakisubiri nje. Hayo yote yalitokana na nusu saa ambayo hakuipata.

Waliojaribu njia hii kabla yetu wameacha kumbukumbu. Uingereza ilianzisha msaada wa kisheria wa serikali kwa sheria ya mwaka 1949. Mwaka 2012 bunge lao likapitisha sheria ya kuupunguza, nayo ikaanza kutumika Aprili 2013. Sehemu kubwa ya migogoro ya talaka, malezi ya watoto, madeni na ajira ikaondolewa. Serikali ilitarajia kwamba wanandoa, wakikosa mawakili, watakimbilia usuluhishi, ambao uliendelea kugharamiwa. Ofisi yao ya taifa ya ukaguzi ilipochunguza mwaka 2014 ilikuta kwamba usuluhishi, uliotarajiwa kupanda kwa asilimia 74, ulikuwa umeshuka kwa asilimia 38. Kumbe waliokuwa wakiwaelekeza watu kwenye usuluhishi ni mawakili walewale walioondolewa. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka mama wa mlango wa pili. Wakati huohuo kesi za familia ambazo pande zote mbili hazina mwakilishi ziliongezeka kwa asilimia 30, na yeyote aliyewahi kukaa masjala anajua kesi kama hizo huendaje.

Kwenye jinai walau mambo yako wazi zaidi. Marekani, mwaka 1961, mtu aliyeitwa Clarence Earl Gideon alishitakiwa huko Florida kwa kuvunja na kuingia kwenye ukumbi wa mchezo wa pool. Aliomba wakili akanyimwa, akajitetea mwenyewe, akafungwa miaka 5. Akiwa gerezani aliiandikia Mahakama ya Juu kwa penseli, na mwaka 1963 majaji wote wakakubaliana naye kwamba alistahili kupewa wakili. Kesi ikasikilizwa upya kwa shitaka lilelile na shahidi mkuu yuleyule, ila safari hii alikuwepo wakili wa kumhoji shahidi huyo. Gideon akaachiwa huru. Anayesema mwenye haki anaweza kujisimamia mwenyewe anijibu kwanza hapo.

Kwenye madai ulinzi ni hafifu zaidi karibu kila mahali, ndiyo maana fedha zikipungua panaguswa kwanza. Lakini mtu anaweza kupoteza nyumba, shamba au watoto bila kushitakiwa kwa kosa lolote.

Sitaki kuwasingizia wanaotaka kupunguza kwamba hawana hoja. Wanayo. Nimewaona mawakili wa kulipiwa wanaofungua jalada kwa mara ya kwanza wakiwa wamesimama mbele ya hakimu, wakaomba ahirisho, na ahirisho likalipwa. Hilo lilinikera kila mara, na kama kuna pa kukata, pakatwe hapo: wakili alipwe kwa kazi iliyofanyika, si kwa idadi ya tarehe. Pia si kila shida inahitaji wakili. Tanzania, kwa sheria yake ya msaada wa kisheria ya mwaka 2017, imewatambua rasmi wasaidizi wa kisheria, ambao hawasimami mahakamani kumwakilisha mtu ila wanaruhusiwa kumwelimisha na kumwelekeza. Kenya nayo ilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 2016. Mfumo wa kutumia watu kama yule mama umekwisha kuandikwa kwenye vitabu vya sheria. Unachokosa ni fedha za kuendesha meza moja na viti vitatu.

Nina ombi moja. Kila jalada lina mwenendo wa kesi, na kila ahirisho linaandikwa pamoja na sababu yake. Kabla fedha hazijakatwa, yachukuliwe majalada ya miezi mitatu katika masjala moja tu, yahesabiwe maahirisho yaliyotokana na mtu kuleta karatasi isiyo sahihi, kuileta nje ya muda, au kutoelewa alichoitiwa. Kisha gharama ya siku hizo iwekwe kando ya mshahara wa msaidizi mmoja wa kisheria kwa miezi hiyohiyo mitatu. Ni kazi ya wiki mbili kwa mtu anayejua kusoma majalada. Mimi ninajua, nina nafasi, na niko tayari kuifanya bila malipo.

Wako,
Karani mstaafu wa mahakama