Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mradi wa Ndege ya Mfano ya B.E.2

Ndugu wanachama,

Kazi kubwa ya chama mwaka huu ilikuwa kuunda, kwa kipimo cha 1/48, ndege ya mfano ya B.E.2, ndege ya upelelezi ya Uingereza yenye bawa la juu na la chini, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1912. Kamati iliichagua kwa sababu B.E.2a, toleo lake la awali, ilikuwa ndege ya kwanza ya kikosi cha anga cha Uingereza kutua Ufaransa Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, tarehe 13 Agosti 1914, na pia kwa sababu nyaya zake zinatosha kumfunza mtu kazi bila kumkatisha tamaa. Najua kwamba sababu hii ya pili baadhi yenu mnaipinga hadi leo.

Kamati ilishikilia kwamba mwanachama asitoboe tundu lolote la kupitishia waya kabla ya kueleza kila waya una kazi gani. Nyaya zinazotoka chini, karibu na kiwiliwili, na kupanda hadi bawa la juu ndizo zinazobeba mzigo ndege ikiwa angani, na kwa kawaida hufungwa mbilimbili; zile zinazoshuka kutoka juu hadi bawa la chini hubeba uzito wa mabawa ndege ikiwa imetua, kwa hiyo mmoja mmoja hutosha. Vilevile, rubani wa B.E.2a aliilaza ndege upande kwa kuyapinda mabawa yenyewe, na nyaya za kupindia lazima zionekane, ilhali B.E.2c, toleo la baadaye, ina vibawa vyenye bawaba. Anayelijua hilo hababaishwi na mchoro mbovu.

Kuhusu unene, waya wa milimita 5 ukigawanywa kwa 48 hubaki takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Mshipi mwembamba wa nailoni, kama wa kuvulia samaki, unafaa, lakini ukivutwa kupita kiasi hupinda bawa la plastiki. Uzi wa mpira hauna nguvu hiyo, nami naupendelea zaidi, hasa kwenye mkia. Hata hivyo, nyaya bapa zilizobuniwa Farnborough, kwenye kiwanda cha ndege cha serikali ya Uingereza, haziigwi vizuri na uzi wa mviringo, na suala hilo bado hatujalimaliza.

Utaratibu uliotupa matokeo mazuri ni kutoboa matundu yote kabla ya kupaka rangi, kugandisha ncha za nyuzi upande wa chini wa bawa la juu, kisha, bawa likishakaa sawa juu ya nguzo zake, kukaza kuanzia katikati kwenda nje, kulia na kushoto kwa zamu. Tone la gundi liwekwe kwa ncha ya sindano. Likitiwa moja kwa moja kutoka kwenye chupa, huacha doa jeupe juu ya rangi.

Hesabu za fedha zitawasilishwa na mweka hazina.

Kwa mwaka ujao, kamati inapendekeza Blériot XI, ndege ya Kifaransa ambayo Italia iliitumia kwa upelelezi nchini Libya mwaka 1911. Ina bawa moja tu kila upande, lakini sehemu ya nyuma ya kiwiliwili chake haikufunikwa kitambaa, kwa hiyo nyaya za ndani huonekana zote na zitafungwa kabla mkia haujaunganishwa. Naomba mkutano uidhinishe pendekezo hili.

Mwenyekiti