Apu yenu inasema 143 ni namba tasa

Kwa kitengo cha huduma kwa wateja,

YAH: MAJIBU YASIYO SAHIHI KWENYE APU YENU YA VIGAWO, VIGAWE NA NAMBA TASA

Habari za kazi. Mimi nafundisha watoto hesabu na nimelipia hii apu yenu, ile unaandika namba nzima inakupa vigawo vyake (namba zinazoigawa bila baki), vigawe vyake (namba unazopata ukiizidisha) na kukwambia kama ni tasa (yenye vigawo viwili tu, 1 na yenyewe) au la. Nilishawaandikia kwenye sehemu ya maoni mkanijibu asante kwa maoni yako, apdeti ikaja tatizo liko palepale, ndo maana leo naandika kwa kirefu.

Andikeni 143. Apu inasema ni tasa, vigawo vyake 1 na 143 basi. Sio kweli jamani, 11 mara 13 ni 143. Halafu nendeni kwenye vigawe vya 11, apu hiyohiyo, shukeni chini mtaona 121, 132, 143 zimepangwa vizuri kabisa. Sasa kama 143 ni kigawe cha 11 si ndo kusema 11 ni kigawo cha 143? Yani ukurasa mmoja unaukana mwenzake na hakuna aliyeona huko kwenu.

Nikaendelea kujaribu. 121 inasema tasa wakati ni 11 mara 11, 169 inasema tasa wakati ni 13 mara 13, 221 nayo tasa wakati ni 13 mara 17. Ila 91 inapatia na 119 inapatia, kwasababu zote zinagawanyika kwa 7. Ninavyoona mimi apu inajaribu 2, 3, 5 na 7 halafu inaacha, na ubaya wake ni kwamba hizo nne zinatosha kabisa mpaka 120, kwahiyo kama aliyeikagua aliishia 100 lazima aliona mambo yako sawa. Inatakiwa ujaribu namba tasa zote mpaka ufike kipeuo cha pili cha namba yenyewe, yani ile ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unaipata namba hiyo. Kipeuo cha 143 ni 11 na ushee, basi 11 lazima ijaribiwe, cha 221 ni 14 na ushee, lazima ufike 13. Ukimaliza zote na kila mara kuna baki, hapo ndo unasema tasa. Eratosthenes, yule mwanahesabu Mgiriki wa kale, alikuwa anachekecha namba tasa zaidi ya miaka 2000 iliyopita bila simu wala kompyuta, nyie mnashindwaje?

Kilichoniuma zaidi ni huyu mwanafunzi wangu, alishapata mwenyewe kwamba 143 ni 11 mara 13, akaangalia apu, akafuta. Akafuta jibu sahihi! Swali lililofuata ni kurahisisha 121/143, akaiacha hivyohivyo maana apu ilimwambia KKS (kigawo kikubwa cha shirika) ya hizo namba ni 1, wakati KKS ni 11 na jibu ni 11/13. Mtoto anayeanza kujiamini kwenye hesabu mkimfanyia hivi mnamrudisha nyuma sana, na mimi nafanya kazi ya kumshawishi kwamba yeye ndo alikuwa sahihi na simu ndo imekosea.

Halafu kuna 1. Mmeiweka kwenye tasa, ndo maana orodha yenu ya 1 mpaka 100 ina namba tasa 26 badala ya 25. Tasa inatakiwa iwe na vigawo viwili tofauti, 1 ina kimoja tu. Na mkiikubali 1, basi 12 itakuwa 2×2×3, au 1×2×2×3, au 1×1×2×2×3, haina mwisho, wakati kila namba inatakiwa iwe na njia moja tu ya kuvunjwa kwa vigawo tasa. Na 36 mnaandika 6 mara mbili mnasema vigawo 10, ni 9.

Ninachoomba: rekebisheni, na muwatangazie watumiaji wote ndani ya apu kwamba majibu ya namba kuanzia 121 yalikuwa na makosa ili watu warudie kazi zao. Mpaka mtakapomaliza, apu ikipewa namba kubwa iseme haiwezi. Na waliolipia wakitaka hela yao warudishiwe.

Nimeambatanisha picha za skrini za namba zote nilizotaja. Naomba anijibu mtu anayehusika na hesabu za apu, sio ule ujumbe unaojituma wenyewe.

Mteja wenu,
Mwalimu wa hesabu