Risala ya Kamati ya Majengo kwa Mgeni Rasmi, Maadhimisho ya Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, Zanzibar

Ndugu Mgeni Rasmi, Baba Askofu, mapadri, waumini na wageni wetu wote: Tumsifu Yesu Kristo!

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko. Tunajua shughuli zako ni nyingi, hivyo historia tutaipitia mbiombio. Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi likawekwa papa hapa palipokuwa soko, na Krismasi ya 1877 ibada ya kwanza ikasaliwa jengo likiwa halijakamilika. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi, alifariki 1882, akazikwa nyuma ya altare.

Mwaka huu kamati imepata mafanikio makubwa: tumezibua mifereji yote ya mvua, tumenunua ngazi ndefu, na tumechimba shimo la kuloweshea chokaa.

Shimo hilo ndilo ombi letu. Lipu ya ukuta wa kusini imebanduka, eneo la mita za mraba 120. Ukipitisha kidole, kinatoka na unga mweupe. Ukiuonja ni chumvi. Ukuta ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, nao unahitaji kupumua. Viraka vya saruji vilivyopakwa miaka ya nyuma vimeuziba, unyevu ukakosa pa kutokea, chumvi ikajikusanya nyuma ya kiraka na sasa inalisukuma jiwe lenyewe. Saruji ya paa aliiweka Askofu Steere na hatuigusi. Tunayotaka kubandua ni ya ukutani.

Tunahitaji magunia 24 ya chokaa ya kuchoma, ya kilo 25 kila moja, mita za ujazo 3 za mchanga usio wa baharini, na ujira wa mafundi wawili. Chokaa ilowe angalau miezi mitatu, kisha ichanganywe kipimo kimoja kwa vitatu vya mchanga. Lipu ipigwe mara mbili, kila mkono usizidi milimita 12, na ifunikwe magunia mabichi kwa wiki nzima. Ikikaushwa na jua inageuka vumbi. Kwa hiyo chokaa iingie shimoni Januari, masika yapite, kazi ianze Juni.

Mgeni Rasmi, kwa heshima zote, ombi hili si geni. Wageni wawili waliokutangulia waliahidi chokaa hii wakiwa wamesimama hapo uliposimama, na tukawapigia makofi. Tumeandika barua tatu za kukumbusha, nakala zimeambatanishwa. Shimo lina maji ya mvua tu.

Tunakuomba ahadi yako iandikwe leo, yenye tarehe na jina la atakayeifuatilia, kabla hujaondoka. Daftari liko mezani kwa katibu.

Tunaomba kuwasilisha.