Vidole vya Baba

Pasua, Moshi

Rafiki yangu mpendwa Upendo,

Wafikishie Baba na Mama shikamoo yangu. Huku hatujambo, baridi tu ndiyo imeanza.

Picha uliyonitumia imeninyima usingizi. Ncha za vidole vya Baba zimejaa na kucha zimejikunja kama kijiko kilichofudikizwa. Mwambie abananishe kucha za kidole kilekile cha mikono yote miwili, mgongo kwa mgongo. Kwa mtu mzima wa afya hubaki kitundu kidogo chenye umbo la almasi. Kwake naona hakitabaki, na mara nyingi hiyo ni dalili ya ugonjwa wa mapafu. Kipimo hicho alikieleza Leo Schamroth, daktari wa moyo wa Afrika Kusini, mwaka 1976, baada ya vidole vyake mwenyewe kubadilika.

Umeuliza kucha na mapafu vinahusianaje. Maelezo ninayoyaamini zaidi ni ya watafiti Dickinson na Martin, ya mwaka 1987. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu ukijikata, hutokana na seli kubwa za uboho wa mifupa. Baadhi ya seli hizo husafiri na damu hadi kwenye mapafu, zikavunjikia humo kwenye mishipa myembamba. Mapafu yakiharibika, nyingine hupita bila kuvunjika na kwenda kunasa kwenye ncha za vidole. Hapo humwaga kemikali za kukuza tishu: mishipa mipya inaota, nyama chini ya kucha inanenepa. Wapo pia wanaotaja prostaglandini E2, kemikali ya mwili ambayo mapafu mazima huivunja. Mwaka 2008 ilibainika kwamba watu wenye hitilafu ya jeni ya kuivunja huota vidole vya namna hiyohiyo.

Kukosa oksijeni peke yake hakunitoshelezi. Wenye pumu hukosa hewa kila mara na vidole vyao hubaki vilevile, kwa hiyo akikuambia mtu "ni pumu tu", usikubali. Baba aliugua TB zamani. Makovu yake yanaweza kupanua njia za hewa na kuacha usaha humo. Lakini amevuta sigara miaka mingi, Upendo, na saratani ya mapafu lazima itafutwe. Kwamba vidole havimuumi si dalili ya nafuu, kwa kawaida haviumi. Na hizo dawa za kuchua mnazompaka vidoleni muache kununua.

Mlete hospitali ya KCMC hapa Moshi apigwe picha ya kifua, msingoje kahawa ivunwe. Aje na cheti chake cha matibabu ya TB kama bado kipo. Chumba cha wageni nimeshakiandaa. Niambie mnapanda basi la saa ngapi, nitawapokea stendi.

Wako,
Anna