Wifi, kiti umekiacha wapi?

Wifi yangu,

Naendelea kukuita wifi ingawa talaka ilishatoka na jina hilo si langu tena. Sijapata jingine la kukuita.

Nimekisoma kitabu chako kipya kwa usiku mmoja. Ile hadithi ya mwanamke anayeandika ujumbe mrefu usiku kucha, anaufuta, kisha asubuhi anatuma "sawa" tupu, nimeirudia mara tatu. Unatujua, wifi. Unajua tunavyosema tumeshamsahau mtu huku namba yake tumeikariri kichwani. Wanaosema unaandika mambo mepesi hawajawahi kuachwa. Nilishika simu nikupigie nikwambie hivyo, nikayakumbuka yale mashati, nikaiweka chini.

Usiku ule nilipokuja kwako na mtoto mgongoni hukuniuliza kitu. Ulimpokea mtoto, ukamlaza, ukakaa nami sakafuni mpaka kukapambazuka. Aliyeniacha ni kaka yako wa tumbo moja, lakini hukumtetea hata kwa neno, na kwa hilo nitakushukuru mpaka naingia kaburini. Ndipo nikakueleza jambo ambalo hata mama yangu sikumweleza: kwamba aliposema anaondoka, nilichukua pasi nikaanza kumnyooshea mashati. Yote saba. Kola, mikono, kila kitu. Nikamuuliza kama lile la buluu atalihitaji. Hapo tukacheka, mimi na wewe, tukacheka mpaka mtoto akajigeuza kitandani. Nikakwambia, "Andika hii."

Ndiyo, nilisema. Sikatai. Lakini mtu anayesema hivyo huku analia anaomba kitu kingine, na kazi yako wewe ni kusikia kilicho chini ya maneno ya watu.

Mwaka uliofuata ukanialika nije nikusikilize ukisoma. Nilikaa safu ya pili. Ulipofika kwenye pasi, ukumbi mzima uliangua kicheko. Mama mmoja kando yangu alinishika goti, machozi yanamtoka kwa kucheka, akasema, "Jamani, mwanamke gani huyu!" Nikacheka naye. Nilicheka kuliko wote, ili asipate nafasi ya kunitazama usoni.

Kicheko nimekisamehe. Ni kichekesho kweli, na uliandika vizuri kuliko nilivyosimulia. Ila mwanamume wa kwenye hadithi yako amesimama mlangoni, begi mkononi, macho chini, amejaa haya. Wifi, kaka yako hakuwa mlangoni. Alikuwa amekaa kitini. Alisubiri. Alitazama saa mara mbili. Nikimaliza shati moja ananipa jingine, na la mwisho alilivaa lingali na moto wa pasi. Hilo nilikwambia usiku ule. Nilikwambia mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza ulinyamaza.

Wewe mwenyewe ndiye uliyenipa riwaya ya Nora Ephron, Heartburn, wiki ile ile. Ukanieleza kwamba mumewe alimsaliti akiwa na mimba ya mtoto wao wa pili, naye mwaka 1983 akayatoa yale kama riwaya, watu wakacheka. Kwamba mama yake, mwandishi pia, alimlea akiamini kila linalompata mtu ni la kuandikwa. Hoja hiyo umenirudishia kila tulipogombana. Lakini Ephron alichekesha kwa kidonda chake, na mume hakumsitiri. Ukanitajia na Cassandra, dada yake Jane Austen, yule mwandishi wa riwaya wa Uingereza, aliyezichoma barua nyingi za mdogo wake hata leo zimebaki takriban 160 tu. Ulikasirika kana kwamba umemkuta na kiberiti mkononi. Basi na wewe ulichoma. Ulichoma kiti alichokalia kaka yako, ukaniacha mimi na pasi yangu mbele ya watu.

Nakuomba siku nyingine ukiandika kisa cha mwanamke aliyekuamini, mwandike pamoja na aliyemtenda. Na umwambie mapema, kabla ukumbi haujajaa. Sisemi kwa chuki. Najua unadhani ni chuki, kwa kuwa sikuja kumzika baba yenu. Nilishavaa, wifi. Nguo nilikuwa nazo mwilini, mkoba begani. Nikawaza kila atakayenipa mkono wa pole ataiona pasi. Nikawaza kaka yako atakuwa amekaa mahali, na mimi sikuweza kumwona amekaa. Baba aliniita mwanangu mpaka mwisho, hata baada ya karatasi za mahakama. Ulistahili kuniona pale nimekushika mkono kama ulivyonishika wewe. Lakini ningekuja kama nani? Hukunitumia hata ujumbe. Nilipata habari kwa watu, na nikajiambia kama angenitaka angeniita. Bado najiambia hivyo.

Binti yako ana miaka 14 sasa. Nasema binti yako kwa sababu shangazi ni wewe, na mwandiko wake umefanana na wako. Ameanza kusoma vitabu vyako bila kuniomba ruhusa. Juzi amekuja jikoni na kile cha kwanza, kidole kwenye ukurasa, akaniuliza yule mwanamke ni nani. Nimemwambia amuulize aliyeandika.

Atakupigia Jumamosi jioni. Kwa namba yangu, yeye hana simu. Pokea.