Jumamosi tunapanda meli ya kivita ya zamani, USS Constitution

Wapendwa, habari za jioni. Jumamosi saa nne kamili asubuhi tukutane Charlestown, hapa Boston. Wakubwa wote waje na kitambulisho chenye picha, bila hicho hupandi.

Meli hii ilishushwa majini 1797 na bado inaelea. Mwaka 1812 risasi za mizinga ya Waingereza ziligonga ubavu wake wa mwaloni zikadunda, ndipo ikaitwa Old Ironsides, yaani Mzee Mbavu za Chuma. Ila mimi kinachonigusa ni hiki: ilipozunguka dunia 1844–1846, ilitia nanga Zanzibar. Nataka watoto wetu wasimame kwenye sitaha yake wakilijua hilo.

Ngazi za kushukia kwenye mizinga zimesimama wima, kwa hiyo akina mama viatu vya visigino tuviache nyumbani. Mnaokuja andikeni majina hapa kabla ya Alhamisi, tupange magari.